Mkono Uliobaki Juu ya Goti

Marthe wa Lweba ameuza samaki wa moshi kwa zaidi ya miaka thelathini, na katika muda huo wote sijasikia mtu aliyemrudishia samaki. Anawapokea kwenye mitumbwi inayotoka Kazimia, anawapanga juu ya chanja nyuma ya nyumba, anawageuza kwa mkono mtupu, kisha anawapeleka soko la Baraka wakiwa wekundu kama matofali. Nasema haya mapema kwa sababu mwaka jana watu walianza kuipita meza yake kama wanavyompita mbwa mgonjwa, na kosa halikuwa la samaki. Kisa kilikuwa mkono wa mume wake.

Mume wake ni Raphaël, mpasua mbao. Vijana wa leo wanaona mbao zikishuka na lori na hawajui zinakotoka. Zamani zilitoka kwenye mabega ya watu kama Raphaël, kule milimani juu ya Fizi, yeye akiwa amesimama juu ya gogo na mwenzake yuko shimoni chini, msumeno mrefu ukipanda na kushuka kati yao tangu asubuhi. Kazi hiyo inafundisha kula. Aliporudi Lweba alikaa mbele ya donge la ugali wa muhogo na samaki aina ya kuhe mzima, akafumba macho, na hakusema neno mpaka kichwa cha samaki kikabaki mifupa. Mawese yalimtiririka mpaka kwenye kiwiko, na kiwiko chenyewe alikilamba. Halafu alisema, kila mara maneno yaleyale: «Mama Néhémie, usipike tena namna hii, nitaacha kazi.» Marthe alijifanya hakusikia. Lakini siku zote alimbakizia kuhe mkubwa kuliko wote, hata mwaka ambao kuhe mmoja alikuwa na bei ya kuku watatu.

Wakati huo hakula nyumbani. Wanaume wa mtaa walikula kwenye lubunga, banda letu lililokuwa wazi pande zote, moto katikati, viti vifupi kuuzunguka. Kila mwanamke alipeleka sahani yake, na sahani zote zililiwa na wote. Huwezi kukaa katikati ya mikono kumi inayokwenda na kurudi halafu mkono wako peke yake ukalala. Na ukilala, mtu anauliza papo hapo: wewe, nini? Umegombana na mkeo? Unaumwa? Hakuna aliyehitaji daktari kumwambia kwamba jirani hakula.

Kisha tulikimbia vita, tukavuka ziwa, tukaishi kambini Tanzania miaka mingi. Huko chakula kilitolewa kwa kadi, kila familia na kadi yake, kila familia na sufuria yake, na wanaume tukajifunza kula ndani kama wagonjwa. Tuliporudi tulijenga nyumba, makanisa, maduka ya simu. Lubunga hatukuijenga. Niliuliza kwa nini, nikaambiwa mabati yamepanda bei. Kanisa la tatu lilipata mabati.

Basi Raphaël akazeeka ndani ya nyumba yake. Aliacha msumeno, miguu ikawa inaburura, akawa anatembea kwa hatua fupifupi kama mtu aliyefungwa kamba kwenye vifundo. Uso wake, uliokuwa wa mtu wa kucheka, ukatulia. Hatukushangaa. Uzee ukimchukua mtu hauombi ruhusa. Tulichoona kingine ni kwamba aliacha kunyoosha mkono.

Marthe aliweka ugali, sombe ya majani ya muhogo, samaki. Raphaël aliangalia sahani. Mkono wa kulia ulikuwa juu ya goti, na ulibaki juu ya goti. Ukimuuliza kama ana njaa, alisema hapana, au hakusema. Kikombe cha chai ukikiweka kwenye kiganja chake alikunywa nusu, kisha akakisahau kikipoa mkononi. Sahani ilikaa mpaka mafuta yakaganda. Marthe aliiondoa, jioni akaleta nyingine, na hiyo nayo ikaganda. Shati likaanza kumvaa Raphaël badala ya yeye kulivaa.

Mtu wa mbali ataona hapo ugonjwa tu. Kwetu, mume akiacha chakula cha mkewe bila neno, amesema neno zito. Anasema: nimejua ulilofanya. Ama amejua kuna mwanaume mwingine, ama ameonja kitu ndani ya sufuria. Wazee wetu hawakupiga kelele mahakamani. Waliacha sahani, wakatazama pembeni, na ukoo mzima ukaelewa. Kwa hiyo Raphaël alipoacha sahani siku ya kwanza, ya pili, wiki, mwezi, Lweba yote ilimsikia akisema jambo ambalo hakulisema. Na siku hizi tuna neno tayari kwa kila anayekonda: karuho, sumu ya polepole, ile inayomla mtu kidogo kidogo. Neno likaanza kwenye kisima, likapanda pikipiki, likafika sokoni Baraka kabla ya Marthe na beseni lake.

Siku moja nilikuwa karibu na meza yake mteja mmoja wa zamani alipopita bila kusimama.

«Mama, mikeke ya leo njo hii, mizuri,» Marthe alimwita.

«Asanti, mama. Leo tunakula kunde.»

«Wiki ilipita pia mulikula kunde.»

«Tunazipenda,» yule mama alisema, akaenda kununua samaki haohao wa mikeke meza ya nne kutoka hapo.

Marthe alifunika beseni. Hakulia, si mtu wa kulia sokoni. Alisema tu, bila kunitazama, «Baba, hata we jirani, ungepita, ningeelewa.»

Nilinunua samaki wawili. Ilikuwa yote niliyoweza.

Habari zilifika Fizi, kwa Immaculée, dada mkubwa wa Raphaël. Huyu ndiye aliyemlea Raphaël baada ya mama yao kufa, alimbeba mgongoni akienda shamba, na kwa sauti yake hadi leo ukoo unanyooka. Alishuka kutoka Fizi nyuma ya pikipiki ya mpwa wake Néhémie, mtoto mkubwa wa Marthe, ambaye ni dereva wa pikipiki Baraka. Immaculée alikuja na unga wake, chumvi yake, chupa yake ya mawese, na sufuria yake imefungwa kwenye kitenge. Marthe alipoiona sufuria ile alielewa kila kitu.

«Karibu, yaya,» alisema, kama tunavyomwita dada mkubwa.

«Nimekaribia. Jiko iko wapi?»

«Jiko ni ileile.»

«Nitawasha yangu. Mafiga tatu sitakosa hapa Lweba.»

Akawasha moto wake mwenyewe uani, mbele ya macho ya majirani, akapika ugali na maharage kwa mikono yake, akamwekea ndugu yake. Tulikuwa tumekaa pale, mimi na Willy, binamu ya Raphaël upande wa baba, mtu ambaye hakosi mahali penye sufuria.

Raphaël aliangalia sahani. Mkono ukabaki juu ya goti.

Willy akasema, «Kama hii sahani haina mwenyewe, mi niko hapa.»

«Willy, funga kinywa,» Immaculée alimwambia. Alitegemea mkono uende, amwambie wifi yake mbele ya watu, umeona? Mkono haukwenda. Basi akafanya jambo ambalo mwanamke mwingine yeyote asingethubutu, kwa kuwa yeye alimfuta Raphaël kamasi akiwa mtoto. Alimega tonge, akalichovya kwenye mchuzi, akalitia kinywani mwa ndugu yake.

Raphaël alitafuna. Polepole, macho yakajifumba. Ulimi ulitoka ukafuata mafuta kwenye mdomo wa chini. Immaculée akamega lingine, na lingine, mpaka sahani ikaonekana chini. Kati ya tonge na tonge mkono wa Raphaël haukusogea hata kidogo, lakini uso ule uliokuwa umekufa ulikuwa unafurahi, sote tuliona.

Immaculée akaweka sahani chini, akamgeukia Marthe.

«Umeona? Chakula ya dada yake anakula. Ya kwako anakataa.»

Marthe alikuwa amesimama mlangoni na kijiko cha mti mkononi. Naye aliona yale tuliyoona.

«Keshokutwa familia itakaa,» Immaculée akasema. «Baba ya Néhémie nitapanda naye Fizi. We utarudi kwenu, mpaka tujue.»

Sasa lieleweke lililokuwa mezani. Kwao na Marthe hakuna mtu tena. Waliobaki walibaki ng'ambo ya ziwa. Mwanamke anayerudishwa kwao kwa sababu ya sumu, akiwa na mvi, hapati nyumba ya kumpokea, wala soko la kumnunulia. Anakwenda kukaa mahali ambapo hawajui jina lake, kama atapapata. Na Raphaël je? Kule Fizi Immaculée ana macho mabovu na shamba la mbali. Angemlisha siku mbili za hasira. Siku ya tatu angeweka sahani, akaenda shambani, akidhani mtu mwenye njaa ataila.

Kesho yake mchana Marthe alikwenda kituo cha afya, kwa muuguzi Clarisse. Clarisse alikuwa amempima Raphaël mara mbili: malaria hapana, minyoo hapana, na alikuwa amesema apelekwe hospitali Baraka achunguzwe ule ugumu wa viungo. Hawakuwa wamempeleka. Safari hii Marthe hakuomba dawa. Alieleza jinsi mume wake alivyokaa mbele ya sahani ya dada yake kama gogo, na jinsi alivyolamba midomo chakula kilipotiwa kinywani.

Clarisse aliacha alichokuwa akifanya. «Rudia hapo. Mukono haukuenda?»

«Haukuenda.»

«Na mu kinywa alipenda?»

«Alipenda sana. Njo inaniua, mwanangu. Juu ya nini alipenda ya yule, ya kwangu hapana?»

«Ya kwako ulishamutia mu kinywa?»

Marthe akamtazama kama ametukanwa. Mke hamtii mume wake chakula kinywani. Huko ni kumfanya mtoto, tena mbele ya watu ni kumzika akiwa hai. Mama au dada aliyemlea anaweza. Mke, hapana. Katika miezi yote ile, na sahani zote zile zilizoganda, wazo hilo halikumpitia.

Hapo ndipo Clarisse alipomweleza, na Marthe alinieleza mimi jioni ile kwenye ua wetu, akirudi nyuma kila aliporuka kitu. Mimi sikusoma shule ndefu, nimejisomea tu, na baadaye nilimwendea Clarisse mwenyewe ili nisiandike uongo. Alichosema ni hiki.

Sisi tunadhani kutaka chakula na kufurahia chakula ni kitu kimoja, kwa sababu kwa mtu mzima vinatembea pamoja. Ndani ya ubongo ni kazi mbili. Kazi ya kwanza ni ya kuvuta. Unasikia mwiko unagonga sufuria, unasikia harufu ya mikeke juu ya moto, na kabla hujaonja chochote mate yamejaa, mwili umeshainuka, mkono umeshatoka. Kazi hiyo inaendeshwa na maji fulani ya ubongo yanayoitwa dopamini. Haileti utamu; inaleta mvuto tu, inakusukuma kwenye sahani.

Kazi ya pili ndiyo utamu. Ugali hauna utamu ndani yake, wala asali haina; kichwa ndicho kinachoutengeneza. Ndani sana ya ubongo kuna sehemu ndogo, nyingine hazifiki punje ya hindi, na chakula kizuri kikigusa ulimi sehemu hizo zinatoa dawa ya mwili wenyewe, ndugu ya ile dawa kali ya maumivu wanayowachoma watu waliopasuliwa hospitalini. Dawa hiyo inapaka chakula furaha, kama unavyopaka ukuta rangi. Mtu akiwa na njaa rangi inakuwa nyingi. Akishiba inapungua, na samaki yuleyule aliyekuwa mtamu anakuwa samaki basi. Lakini rangi haipakwi mpaka chakula kifike kinywani.

Upo ugonjwa wa wazee, Clarisse alisema, unaokausha ile dopamini. Viungo vinakuwa vigumu, hatua zinakuwa fupi, uso unatulia, na kwa wengine hamu ya mambo inazimika. Yeye si daktari, na Baraka ndiko watakakothibitisha, lakini Raphaël anafanana sana na mwenye ugonjwa huo. Akaongeza habari ya panya. Wataalamu waliwahi kuiondoa dopamini kwenye ubongo wa panya. Panya hao walikaa katikati ya chakula wakaanza kufa kwa njaa, hawasogei hata hatua moja. Lakini walipodondoshewa maji ya sukari ulimini, walilamba midomo kama panya wengine wote.

«Anakaa katikati ya chakula,» Marthe alirudia. «Katikati kabisa.»

«Njo hivyo, mama.»

«Kwa hiyo hakukataa.»

«Nafikiri hakukataa. Barabara ya kwenda ku sahani imekatika. Nyumba ya utamu ingali wazi.»

«Kesho nikimutia yangu mu kinywa, mbele yao wote, atapenda?»

Clarisse alifikiri. «Naamini atapenda. Lakini mi siko Mungu, mama. Kama ana huzuni, ao kama amechoka, anaweza kutema.»

«Akitema, nimekwisha.»

«Najua.»

Nilipomsikiliza Marthe akinisimulia hayo, niliwaza lubunga, na hasira ikanipanda. Sisi hatukujua neno dopamini. Lakini tuliwaweka wazee katikati ya moto, harufu, mikono ya wengine na kelele za kugombania kichwa cha samaki. Kila kitu kinachoweza kuuvuta mkono kilikuwepo. Na mkono ukishindwa hata hapo, siku ya pili mtu angesema, huyu hakugombana na mkewe, huyu ni mgonjwa. Sasa tumempa kila mzee chumba, sahani na ukimya, halafu tukamshitaki mkewe. Nilimwambia Marthe hivyo. Akaniambia, «Baba, lubunga haitarudi kesho asubuhi. Nipe ushauri ya kesho asubuhi.»

Siku ya kikao walikuja watu kama kumi, wengi wakiwa wa ukoo wa Raphaël. Walikaa uani. Raphaël aliwekwa kwenye kiti chake, mkono juu ya goti. Néhémie alikaa kati ya mama yake na shangazi yake, akitazama viatu vyake. Immaculée alisema aliyokuja kusema, kwa ufupi na bila matusi, namkubalia hilo. Ndugu yake amekonda. Anakataa chakula cha mkewe, anakula cha dada yake. Sahani imesema.

«We Marthe, una neno?»

«Sina neno. Niko na chakula.»

Alitoka jikoni na sahani: ugali, na kuhe aliyempika kwa mawese. Alinawa mikono mbele ya watu. Alimega tonge la kwanza akala mwenyewe, kama desturi inavyomtaka mwanamke anayeshukiwa. Hapo watu walitegemea atamwekea mumewe sahani, na mkono utabaki pale, na mambo yataisha.

Marthe akapiga goti mbele ya kiti. Akamega tonge la pili.

«We mama,» Willy akasema chini, «unataka kufanya nini? Ule ni mwanaume.»

«Mi najua ni mwanaume. Nilimuzalia.»

«Marthe,» Immaculée akasema, «usimuaibishe ndugu yangu.»

«Yaya, we ulimutia mu kinywa juzi, haikukuwa haya.»

«Mi nilimulea.»

«Na mi nimeishi naye tangu hana ndevu mpaka ndevu zimekuwa mweupe. Kama ni haya, iko yangu.»

Mzee mmoja alisimama aondoke, asione. Wengine waligeuza nyuso. Néhémie peke yake alimtazama mama yake, kisha akafanya jambo dogo ambalo sitamsahaulia: alisogeza kiti cha baba yake kidogo, jua lisimpige machoni.

Tonge likaingia kinywani.

Raphaël hakutafuna mara moja. Alilishika tu, shavu limevimba, macho mbele. Mafuta yalianza kushuka kwenye pembe ya mdomo, nikadhani anatema. Immaculée naye alidhani hivyo, maana alianza kuinuka. Ndipo taya likaanza kwenda, zito, mara moja, mara mbili. Akameza. Ulimi ukatoka ukayafuata mafuta, ukayachukua, ukarudi kutafuta kama yamebaki mengine. Macho yakajifumba. Wote waliomjua Raphaël wa zamani, juu ya gogo na msumeno, walimtambua.

Marthe alimpa la pili. Alipofika la tano, wale waliogeuza nyuso walikuwa wamezirudisha. Willy, ambaye hawezi kukaa kimya, akasema, «Basi huyu muntu alikuwa na njaa tu.»

«Hakukuwa na njaa tu,» Marthe akasema bila kugeuka. «Njaa anayo, lakini haimutumi tena. Clarisse ya centre alinieleza. Mukono wake haupati habari.»

Akawaeleza, vibaya vibaya, kwa maneno ya jikoni, habari za kazi mbili za kichwa. Alipofika kwenye panya, Immaculée alimkata.

«Ndugu yangu ni panya?»

«Yaya, we pia kichwa yako inafanya vile. Ya kwangu pia.»

«Ya Willy haikosi ile maji ya kuvuta,» mtu mmoja akasema, na watu wakacheka kidogo, kicheko cha waliochoka kuogopa.

Immaculée hakucheka. Alimtazama ndugu yake muda mrefu. Nadhani alikuwa anatafuta namna ya kutoka mahali alipojiingiza, na kwa mtu wa umri wake mlango huo ni mwembamba. Mwisho alisema, «Leta maji.»

Néhémie akaleta maji. Immaculée alinawa, akavuta kiti chake karibu, akanyoosha mkono kwenye sahani ya Marthe. Alikula tonge moja, akatafuna taratibu, akameza, akala la pili. Kwetu hakuna hukumu nyingine inayohitajika baada ya hapo. Mtu aliyekushitaki sumu akila kutoka mkononi mwako mbele ya ukoo, mashitaka yamezikwa. Wengine wakasogea. Willy alikuwa wa kwanza.

Immaculée hakuomba msamaha, na Marthe hakuudai. Raphaël walimpeleka Baraka baadaye, wakathibitisha aliyofikiri Clarisse. Kuna vidonge, wakati mwingine vinapatikana, wakati mwingine hakuna. Vinapokuwepo viungo vinalegea kidogo, na mara moja moja mkono unafika mpaka ukingo wa sahani, ukapumzika hapo. Siku nyingine zote ni Marthe. Yeye ndiye anayejua saa ya njaa ya Raphaël, kwa kuwa mwenyewe haijui. Akisahau, hakuna atakayemkumbusha. Mume wake atakaa pale amenyamaza mpaka afe, hana kinyongo. Kwa hiyo hasahau. Anatoka sokoni mapema, samaki wakiwa bado kwenye beseni, na sasa walionunua kwingine wamerudi kununua kwake, wakiuliza habari za mzee kwa sauti tamu ambayo mimi inanichosha kuliko ukimya wao wa mwanzo. Anamlisha ndani, mlango ukiwa wazi. Inachukua muda mrefu. Cha kwake anakila kimepoa.

Siku Immaculée aliporudi Fizi, Néhémie alikuwa ameshawasha pikipiki, shangazi yake amekaa nyuma. Ile sufuria ilikuwa imefungwa tena kwenye kitenge. Marthe alimletea furushi la samaki wa moshi, akaliweka mapajani mwake, na Immaculée akalishika kwa mikono miwili.

«Kule juu bataniuliza,» Immaculée akasema. «Nilibaambia mengi nikishuka.»

«Banajua yote ulisema. Yamefika mpaka soko.»

«Nibaambie nini sasa?»

Marthe alifunga vizuri kamba ya furushi, isije ikafunguka kwenye mlima.

«Baambie ulikula kwangu.»

«Nitabaambia.»

«Na ulishiba.»

Immaculée akarekebisha furushi mapajani. Kisha akasema, «Chumvi ilikuwa kidogo,» akampiga Néhémie begani waondoke.

Marthe alisubiri mpaka vumbi likatulia. Halafu akaingia ndani, maana ilikuwa imefika saa ya kumlisha.